Kisa cha 1,237,613

Karatasi niliikuta imeanikwa kwenye kamba ya nguo, imebanwa vibanio viwili kama fulana ya mtoto. Usiku ule mvua ya Mei ilikuwa imepenya paa la jirani yangu wa Kibokoni, Mombasa, ikateremka moja kwa moja hadi kwenye kabati anamoweka vitabu vya duka. Wino ulikuwa umehama. Palipoandikwa idadi pana doa la buluu. Palipoandikwa bei pana doa jingine, kubwa kuliko la kwanza. Sehemu ya chini ilisalimika kwa kuwa ilikunjwa ndani, na hapo, chini ya mistari miwili ya rula, mwandishi alikuwa ameweka jumla: 1,237,613. Naye ni mtu wa zamani, hakuziamini tarakimu peke yake. Akaandika na kwa maneno, milioni moja, laki mbili, thelathini na saba elfu, mia sita kumi na tatu. Juu kabisa lilisomeka neno moja, "kanzu".

Wenyewe wameniruhusu nikisimulie kisa hiki maadamu sitaji majina, basi sitataja.

Jirani huyo, ambaye nitamwita mama tu, ana duka la nguo za kiume karibu na Mtaa wa Biashara. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, huchukua kanzu kwa mzee mmoja aagizaye mizigo kutoka ng'ambo, mwenye ghala si mbali na Marikiti. Mwaka ule mzigo ulikuja Shaabani. Mama alilipa kwa mafungu matatu: laki tano, laki tano nyingine, kisha 237,613. Idi ikapita. Mzee akasafiri India kwa matibabu, na biashara akamwachia mpwa wake, kijana mwelekevu ila mwenye haraka. Kijana akapekua madeni ya mjomba wake, akamjia mama barazani.

"Mama, mzigo wako ulikuwa kanzu elfu moja na mia mbili, dazeni mia kamili, kwa elfu na mia moja kila moja. Hiyo ni milioni moja, laki tatu na elfu ishirini. Umebakisha elfu themanini na mbili, mia tatu themanini na saba."

Kitabu cha nakala cha mzee hakikuonekana. Mama hakujua idadi, kwa sababu siku mzigo ulipoingia yeye alikuwa matangani Likoni, ukapokewa na mfanyakazi ambaye sasa yuko kwao. Alikuwa na hakika ya mambo mawili tu: kwamba deni alilimaliza, na kwamba bei ilikuwa "elfu na ushei". Kijana akajibu kwamba ile 1,237,613 ni jumla ya pesa zilizolipwa, si jumla ya mali iliyochukuliwa. Na mzee mwenyewe? Familia ilikataa. Mgonjwa aliyelala na mipira kifuani, walisema, haulizwi habari za kanzu.

Ndipo nikaitwa. Mimi hufundisha hisabati tusheni jioni, na mtaani ukishaitwa Mwalimu, huna budi kujua hesabu za kila kitu, hata za bomba la maji. Mama alinipa karatasi ingali na unyevu, akaniuliza: "Mwalimu, namba hii haina la kusema?"

Nilianza na jambo ambalo hata mtoto wa darasa la nne angeliona. Namba inaishia na 3, kwa hiyo ni witiri, kama ile swala tunayofungia usiku. Huwezi kuzidisha namba mbili nzima ukapata witiri isipokuwa zote mbili ni witiri. Shufwa moja tu ikiingia, jawabu lote huwa shufwa. Basi ikiwa 1,237,613 imetokana na idadi mara bei, idadi ni witiri na bei ni witiri. Dazeni mia hazimo. Dazeni kamili za namna yoyote hazimo. Bei ya 1,100 haimo.

"Labda bei ilikuwa na senti," kijana akasema.

Nikampenda kwa swali hilo. Hakuna mtu wa jumla anayeandika senti siku hizi, lakini hoja haijibiwi kwa desturi ikiwa inaweza kujibiwa kwa hesabu. Jumlisha tarakimu: 1 na 2 na 3 na 7 na 6 na 1 na 3, unapata 23. Ishirini na tatu haigawanyiki kwa 3, basi namba nzima haigawanyiki kwa 3. Kanuni hii yatokana na jinsi tunavyoandika namba: kumi inapita tisa kwa moja, mia inapita tisini na tisa kwa moja, elfu vivyo hivyo, kwa hiyo ukizitoa tisa zote hubaki tarakimu zenyewe tu. Sasa, 1,200 ina 3 ndani yake. Kugeuza shilingi kuwa senti ni kuzidisha kwa 100, na 100 haina 3, haiwezi kuileta 3 ambayo haikuwapo. Ugawe kwa shilingi, ugawe kwa senti, kanzu 1,200 haziitoi jumla hii. Kila kanzu ingekuwa shilingi 1,031 na senti 34 na vipande vya senti visivyokoma.

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema neno ambalo, kwa kweli, lilikuwa sawa: "Mwalimu, mimi sikusema ni idadi mara bei. Nimesema ni pesa mlizotoa."

Hapo hesabu ya witiri na shufwa inafika mwisho wa kamba yake. Inasema: *ikiwa* namba hii ni zao la kuzidisha, basi hivi haiwezekani. Hiyo "ikiwa" ilihitaji kuthibitishwa kwa njia nyingine. Dalili ilikuwapo. Mtu apunguzaye deni hutoa laki, hutoa nusu laki. Hapunguzi kwa mia sita kumi na tatu. Fungu la tatu lenye mkia wa namna ile ni la mtu anayefunga hesabu iliyokwisha kuandikwa. Lakini dalili si ushahidi, na kijana alijua hivyo kama mimi.

Nikaichukua namba nyumbani.

Nilichotaka ni vigawo vyake, yaani namba nzima zote zinazoigawa bila kubakisha kitu. Kama namba hii ni idadi mara bei, basi idadi imo humo na bei imo humo, zimejificha miongoni mwa vigawo. Hazina pengine pa kukaa. Kuvipata vigawo ni kuitafuta mizizi, namba tasa ambazo haziwezi kuvunjwa tena. Hakuna haja ya kupita kipeuo cha pili, ambacho hapa ni 1,112 na kitu, kwani kigawo kikiwa kikubwa kuliko hapo, mwenzake lazima awe mdogo na ungekwisha kukutana naye. Chini ya 1,112 kuna namba tasa 186. Nikaweka birika la kahawa.

Mbili, imekwisha. Tatu, imekwisha. Tano, hapana, haiishii na 5 wala sufuri. Kwa saba, kumi na moja na kumi na tatu pana ujanja mmoja nilioupenda tangu ujana: 7 mara 11 mara 13 ni 1,001. Kwa hiyo mbele ya namba hizi tatu, elfu ni sawa na kutoa moja, na milioni ni sawa na kurudisha moja. Unaikata namba tatu tatu kutoka kulia, unatoa na kujumlisha kwa zamu: 613, toa 237, jumlisha 1. Inabaki 377. Namba ya milioni imekuwa ya mamia, na maswali matatu yanajibiwa kwa mara moja. Saba inabakisha 6. Kumi na moja inabakisha 3. Kumi na tatu inaingia mara 29 bila kubakisha.

Nikagawa: 1,237,613 kwa 13 ni 95,201.

Nikaendelea na 95,201. Kumi na saba ilinikosa kwa moja tu, maana 95,200 ni yake, nami nikaona uchungu kana kwamba nimekosa feri. Kumi na tisa, hapana. Ishirini na tatu, hapana. Ishirini na tisa, hapana. Thelathini na moja, ikaingia: 3,071. Na 3,071 ni 37 mara 83. Hapo mwisho, hakuna tena cha kuvunja.

Kwa hiyo 1,237,613 ni 13 × 31 × 37 × 83. Mizizi minne tofauti, kila mmoja mara moja. Kigawo chochote hupatikana kwa kuamua, kwa kila mzizi, uingie au usiingie. Maamuzi manne ya ndiyo au hapana, kwa hiyo vigawo 16, yaani jozi nane. Niliziandika zote nyuma ya karatasi ya mtihani wa mwanafunzi, Mungu anisamehe: 1 na namba yenyewe, 13 na 95,201, 31 na 39,923, 37 na 33,449, 83 na 14,911, 403 na 3,071, 481 na 2,573, 1,079 na 1,147.

Isome orodha hiyo kama mwenye duka. Hakuna kanzu ya shilingi 83, wala ya elfu kumi na nne kwa bei ya jumla katika duka la mama. Jozi ya 403 na 3,071 ilinisumbua kidogo kwa sababu kanzu ya elfu tatu ipo, na 481 kwa 2,573 vilevile. Lakini mama alisema elfu na ushei, na ushei hauvuki elfu mbili. Kati ya 1,000 na 2,000 namba hii ina vigawo viwili tu, 1,079 na 1,147, na hivyo viwili ni jozi, kimoja mwenza wa kingine.

Nililala nimeridhika. Asubuhi, nikisubiri mahamri, nikaona haya.

Kwa miaka nimewafundisha watoto wa watu kwamba mraba wa namba moja ukitoa mraba wa nyingine ni sawa na jumla yao mara tofauti yao. Kila mwaka anatokea mmoja wa kuuliza hiyo itatusaidia nini maishani. Sasa tazama: kipeuo cha namba yetu ni 1,112 na kitu. Panda hadi namba nzima inayofuata, 1,113. Mraba wake ni 1,238,769. Toa 1,237,613, inabaki 1,156. Na 1,156 ni mraba wa 34. Basi namba yetu ni mraba wa 1,113 kutoa mraba wa 34, yaani 1,113 toa 34 mara 1,113 jumlisha 34, yaani 1,079 mara 1,147. Hatua moja. Birika zima la kahawa lilikwenda bure.

Njia hiyo ni ya Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyefanya hisabati kama wengine wanavyocheza bao. Katika mwaka 1643 aliieleza kwa kuivunja 2,027,651,281. Alianza juu kidogo ya kipeuo chake, kwenye 45,030, akapanda moja moja. Hatua ya 12, kwenye 45,041, tofauti ikawa mraba wa 1,020, na namba ikafunguka kuwa 44,021 mara 46,061. Kwa kugawa na namba tasa moja baada ya moja angekesha miezi. Siri ni kwamba vigawo viwili vilikuwa karibu karibu, kama 1,079 na 1,147 vilivyo karibu. Vikiwa mbali, njia hii ni polepole kuliko kobe. Ndiyo maana wanaotengeneza kufuli za siri za benki na simu, zile zinazotegemea ugumu wa kuvunja namba kubwa, hawaruhusu tasa mbili zilizokaribiana sana. Kufuli la namna hiyo linalotumika sasa mara nyingi lina namba ya tarakimu 617. Kubwa kupita zote iliyovunjwa hadharani kutoka katika orodha ya majaribio ya kufuli hizo ilikuwa na tarakimu 250, mwaka 2020, na mashine nyingi zilishughulika nayo. Ankara ya mama ina tarakimu saba. Kila kitu na kipimo chake.

Jioni tukakutana tena barazani. Nikaeleza. Kijana akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali la pili zuri: "Na ikiwa ni bahati? Kila namba si ina vigawo?"

Hapa ndipo uchambuzi mwingi wa namna hii huharibika, kwa sababu mchambuzi akishaona jozi nzuri hataki tena kuulizwa. Nikampa hesabu. Chukua namba yoyote ya ukubwa huu. Ina nafasi moja katika elfu ya kugawanyika kwa 1,000, moja katika 1,001 ya kugawanyika kwa 1,001, na kadhalika mpaka 1,112. Zijumlishe zote: hazizidi sehemu kumi na moja katika mia. Yaani ukiokota namba kumi za ovyo za milioni moja na laki mbili na kitu, huenda moja ikakupa jozi ya "elfu na ushei mara elfu na ushei" bila ya kuwa na asili hiyo. Si muujiza. Kama ingekuwa moja katika elfu ningesimama na namba peke yake. Moja katika kumi ni kitu cha kumfanya mtu aketi vizuri kwenye mkeka, si cha kumdai mtu apanguse deni.

Palikuwa pia na shida nyingine, iliyomgusa mama kuliko deni. Namba ikisema 1,079 na 1,147, haisemi ipi ni idadi na ipi ni bei. Kanzu 1,079 kwa shilingi 1,147, au kanzu 1,147 kwa shilingi 1,079. Jumla ni ileile hadi shilingi ya mwisho. Kuzidisha hakukumbuki nani alisimama kushoto na nani kulia. Kwa mpwa haikuwa na tofauti, kwa mama ilikuwa kubwa. Kanzu alizoandika kuwa zimeuzwa dukani zilikuwa 718, na zilizokuwa rafuni 163. Hizo ni 881. Zilizosalia zilikuwa kwa wachuuzi wa Malindi na Lamu, walizozichukua kwa ahadi kabla ya Idi, na katika pilikapilika hakuna aliyeandika. Ama walikuwa na kanzu zake 198, ama 266. Tofauti ni kanzu 68, na mchuuzi hatakukumbusha.

Namba ilikuwa imekwisha sema yake. Iliyobaki ilikuwa ya kutafutwa kwa watu.

Kanzu za jumla huja katika robota za dazeni. Gawa 1,147 kwa 12: robota 95, zinabaki 7. Gawa 1,079 kwa 12: robota 89, zinabaki 11. Na 1,200 haibakishi kitu. Kwa hiyo kama kuna mtu aliyeziona robota zikishushwa, hana haja ya kukumbuka idadi. Akumbuke mabaki tu. Na mtu huyo yupo: hamali wa mkokoteni.

Kabla hatujamwendea niliandika kwenye kipande cha karatasi, nikakikunja, nikamtilia kijana mfukoni mwa shati. Hamali akisema hapakuwa na pweke hata moja, kijana ana haki. Akisema kumi na moja, kanzu ni 1,079. Akisema saba, ni 1,147. Akitaja jingine lolote, hesabu yangu yote nitaitupa baharini. Niliandika mapema kwa sababu najijua; mtu akishapata jibu ni mwepesi wa kulitafutia sababu.

Tulimkuta karibu na Marikiti, amekaa juu ya mkokoteni wake akila muhogo. Ni mtu mzima kuliko sisi sote, tukamsalimia, tukakaa kidogo. Nikamuuliza tu mzigo ule wa kanzu wa Shaabani ulikujaje.

"Safari tatu," akasema. "Robota, zimefungwa kamba. Ngapi, sijui, mimi si karani. Na zile saba."

"Saba zipi, babu?"

"Pweke. Hazikutimia dazeni. Nilizitia juu, nikapiga kona, zikanimwagikia mbele ya mkahawa. Nikaziokota moja moja huku nahesabu, nisije nikadaiwa. Saba nilipewa, saba nilizifikisha."

Kijana akakitoa kile kikaratasi, akakikunjua, akakisoma, akakikunja tena. Hakusema neno njia nzima.

Ningeweza kuchelea kumbukumbu ya miezi mitatu. Lakini mtu hukumbuka vizuri kitu alichoogopa kukilipa, na hamali hakujua tulikuwa tunatafuta nini. Ile moja katika kumi ya bahati sasa ilihitaji bahati ya pili juu yake, mabaki ya dazeni yaangukie pale pale. Na dai la dazeni mia halikuwa na mahali pa kuziweka kanzu saba zilizomwagika barabarani.

Aliyemaliza shauri ni kijana mwenyewe, na kwa hilo nampa heshima. Usiku ule alimpigia binamu yake aliye na mzee India, akamwomba amuulize mgonjwa swali moja tu, bila kumtajia namba yoyote: bei ya kanzu za mama wa Kibokoni ilikuwa ngapi? Jibu likaja asubuhi kwa ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza mara mbili, simu ikiwa juu ya kigoda katikati yetu. Mzee alikohoa, akacheka, akasema:

"Elfu na sabini na tisa. Mwanzo nilitaka elfu na mia moja, tukavutana mpaka elfu na themanini, akashikilia nimtolee tena kidogo ya baraka. Nikamtolea shilingi. Na mwambieni huyo kijana kuna kanzu hamsini na tatu nilizitoa katika zile elfu na mia mbili, kola zimeshonwa upande. Zimo ghalani, dari ya juu, ndani ya gunia. Mmeziona?"

Walikuwa hawajaziona. Ziliteremshwa siku hiyo hiyo, hamsini na tatu, na panya walikuwa wamekwisha onja mbili. Kijana hakuwa mwongo hata kidogo. Alikumbuka oda na bei ya kwanza, yale mawili aliyoyasikia kwa masikio yake, na yaliyotokea baadaye hakuwapo.

Lakini mimi nilibaki na ile shilingi. Mama anacheka akiitaja, baraka ya shilingi moja, naye mzee aliitoa kwa mzaha. Nikakaa nikaihesabu. Kama bei ingebaki 1,080, jumla ya kanzu 1,147 ingekuwa 1,238,760. Hiyo ni namba nyingine kabisa. Ni shufwa, inagawanyika kwa 3, kwa 5, kwa 8, kwa 27. Ina vigawo 128 pale ambapo yetu ina 16. Kati ya 1,000 na 2,000 ningepata bei kumi na mbili za kuchagua badala ya mbili, na nne kati yake zingetoa dazeni kamili zisizo na pweke. Saba za hamali bado zingeichagua 1,147 peke yake, hilo nalikiri. Ila kijana naye angekuwa na pa kushika: 1,238,760 kwa kanzu 1,200 ni shilingi 1,032 na senti 30 barabara, bila kipande. Lile swali lake la senti, nililolizima kwa kujumlisha tarakimu saba, lingesimama wima mbele yangu, nami sijui ningelijibu vipi jioni ile.

Nilimweleza mama haya yote. Alinisikiliza kwa adabu hadi nikamaliza, kisha akachukua simu, akapiga Malindi.

"Masalkheri mwanangu. Nyinyi na wenzenu wa Lamu mna kanzu zangu mia mbili sitini na sita. Haya, niambie, kwako ziko ngapi?"